Moyo wa Mtoto Mwenye Ulemavu wa Akili na Huduma ya Mchungaji

Mtoto mwenye ulemavu wa akili afarikipo, iwe Morogoro mjini au milimani Uluguru, si ajabu kusikia msibani kwamba watoto wa namna hiyo hawaishi. Katika makala hii twakusudia kuonyesha kwa nini mchungaji asiitie kauli hiyo muhuri.

Tuchukue mfano wa sindromu ya Down. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha kwamba hutokana na kuwapo kwa kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Karibu nusu ya watoto wazaliwao nayo wana kasoro ya moyo, aghalabu tundu kati ya vyumba vyake. Tundu likiwa kubwa, damu huelemea mapafu, na mishipa yake hukakamaa. Ikishakakamaa, kuliziba huwa hatari. Kwa hiyo upasuaji hufaa ufanyike kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Dalili ni kuhema upesi, kutoka jasho wakati wa kunyonya, kutoongezeka uzito, na nimonia ya mara kwa mara. Lakini dalili hizo hudhaniwa kuwa ni ulemavu wenyewe, na moyo haupimwi. Nchini Marekani wastani wa maisha ya watu hawa ulikuwa kama miaka 25 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo ni kama 60. Hali yao ya kuzaliwa haikubadilika. Yalibadilika matunzo na matibabu, hasa ya moyo.

Sisi Walutheri twabatiza watoto wachanga, maana Luther alifundisha katika Katekisimu Kubwa (1529) kwamba Ubatizo hausimami juu ya uwezo wa mpokeaji bali juu ya Neno la Mungu. Mwenye ulemavu wa akili hapungukiwi kitu hapo. Tena, aletwapo akiwa na miezi michache, yumo bado katika muda ambao moyo wake waweza kutengenezwa. Mchungaji na aulize: je, moyo umepimwa? Kwa kuwa Waluguru hufuata ukoo wa mama, mjomba naye ahusishwe. Hospitali ya mkoa yaweza kutoa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2015. Nauli kutoka Mgeta au Matombo na gharama za kukaa mjini ni mzigo kwa mkulima. Hapo ndipo pa diakonia ya usharika.

Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza dhambi ni ya nani; Bwana aliikataa hesabu hiyo, akamponya mtu yule. Asiyeuliza siku ya ubatizo asiwe mwepesi kutaja mapenzi ya Mungu siku ya mazishi.