Roboti inatembea lakini haisemi: tuanzie wapi?

Mwaka 2013, Kinshasa ilipata roboti za barabarani za injinia Thérèse Izay Kirongozi, zilizoongoza motokari na kuongea na wapita njia. Na wewe hapa Beni, kama unatengeneza roboti ndogo ya telekomande yenye mikro isiyo na waya, siku moja itatembea bila kusema. Usikimbilie kununua kipande kipya. Mara nyingi telekomande na sauti zinapita njia mbili tofauti.

Kwanza, batri. Mota zikianza kuzunguka zinavuta umeme mwingi, sauti inakatika. Simamisha roboti, kisha sema. Ukisikika vizuri, ipe sauti batri yake ya pembeni.

Pili, mawimbi. Telekomande nyingi, Wi-Fi na Bluetooth zinatumia gigahezi 2.4, na mikro zingine pia. Zima zisizo za lazima, sogeza mikro karibu. Sauti ikirudi, shida ni umbali ao mawimbi kugongana.

Tatu, bafle. Chomeka telefone kwenye amplifaya. Muziki ukilia, bafle ni nzima, chunguza kipokezi cha mikro. Ukinyamaza, angalia waya.

Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapo dola zako zitabaki mfukoni.