Binti Anataka Kusomea Eksirei

Mama mmoja alitujia wodini na malalamiko. Bintiye, aliyemaliza kidato cha nne, anataka kusomea kupiga eksirei. "Sista, mionzi si itamharibu kizazi?"

Hofu yake tunaielewa. Baada ya Röntgen kugundua mionzi hiyo mwaka 1895, walioitumia kwanza hawakujikinga. Wengi waliungua mikono, wengine wakafa kwa saratani. Leo mpigaji husimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, na kifuani huvaa beji inayopima mionzi iliyompata.

Stashahada huchukua miaka 3. Bugando, Mwanza, wanafundisha. Lazima awe amefaulu fizikia, kemia na baiolojia. (Wasichana wangapi huacha fizikia kidato cha tatu, nasi wazazi twanyamaza!)

Wala kazi si kubonyeza kitufe. Hujifunza mifupa yote, namna ya kumlaza aliyevunjika bila kumwumiza zaidi, na kumwuliza mwanamke kama ana mimba. Siku moja sisi wauguzi tulisahau kuuliza. Mpigaji picha akauliza. Mgonjwa alikuwa na miezi miwili, na picha ikaahirishwa.

Binti ana C ya fizikia. Mama amesema atazungumza na baba yake.