Je, Injini ya Gari Kuukuu Yastahili Gharama?

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, wanachama huja ofisini na swali moja: gari yangu imechoka, inakula oili, je, niifungue injini niifanye upya, ama niiuze nitafute nyengine? Swali hili si dogo, kwani fedha itakayoingia katika injini ndiyo hiyo hiyo ya kuwalipa wachumaji na kununulia majamvi.

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli iitwayo 3L. Hiyo ni injini ya silinda 4, ujazo wake 2,779 cc, nayo haina kompyuta ya kumsumbua fundi. Injini ya namna hii yatengenezeka. Lakini kutengenezeka ni jambo moja, na kustahili kutengenezwa ni jambo jengine.

Kwanza, Bwana mwanachama, usikubali injini ifunguliwe kabla ya kupimwa. Moshi mweusi aghalabu hutokana na nozeli mbovu au chujio la hewa lililoziba, na dawa yake haihitaji kufungua kitu kikubwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha, na maji ya rejeta yanapungua kila siku, hapo shuku gasketi au kichwa cha injini kilichopasuka. Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo atapima silinda moja moja. Iliyo dhaifu hutiwa oili kidogo sana, ikapimwa tena; nguvu ikipanda, ringi zimelika; isipopanda, huenda ni vali au gasketi. Fundi asiye na kipimo, anayesikiliza tu akasema "fungua", mshukuru kisha nenda kwa mwengine.

Pili, lala chini ya gari uitazame chesisi. Sisi watu wa visiwani twaishi na hewa ya chumvi. Gonga kwa nyundo pale springi zinaposhikia. Kuweka injini mpya juu ya chesisi iliyoliwa na kutu ni kuezeka makuti mapya juu ya makombamoyo yenye mchwa.

Sasa hesabu. Mwambie fundi aandike kila kitu: pistoni, ringi, beringi, gasketi, kuchonga silinda, kukereza kranki, ujira wake, na nauli ya kupeleka bloku ng'ambo ikiwa mashine ya kuchongea haipo karibu. Jumla hiyo iongeze sehemu moja kwa tano, kwa kuwa injini ikishafunguliwa haikosi kutoa siri. Tena ujue kwamba mnunuzi hatakurudishia gharama hiyo yote siku utakapoiuza gari.

Tuseme jumla ni shilingi milioni 4, na kukodi gari ni shilingi 80,000 kwa siku. Milioni 4 ni siku 50 za kukodi. Mwenye shamba dogo, ambaye gari humfaa siku 15 tu katika msimu, atakodi zaidi ya misimu mitatu kwa fedha hiyo, na mikarafuu haizai vyema kila mwaka. Kwa maoni yangu, huyo akodi. Lakini aliye mbali na barabara, au anayebeba pia ndizi na abiria mwaka mzima, hesabu yake ni nyengine kabisa. Karafuu mbichi hazingoji gari ya mtu. Zikirundikwa kwenye magunia huchacha na kupoteza rangi, na daraja hushuka.

Wako wanaonunua injini iliyotumika kutoka Japani au Dubai. Ni njia ya haraka, ila hujui ilitunzwaje. Isikilize ikiwaka, kisha hakikisha nambari yake imeandikishwa katika karatasi za gari.

Aliyeamua kutengeneza asingoje mpaka matumba yawe mekundu. Injini iliyofanywa upya hutaka kilomita 1,000 hivi za kuzoeshwa bila mzigo mzito, kisha oili imwagwe itiwe mpya. Na vyuma vya zamani mwambie fundi akurejesheeni, mvitazame pamoja kabla ya kumlipa.