Ndoa, Uchaguzi na Kumbukumbu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwa David Buss, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1989 alichapisha majibu ya watu zaidi ya 10,000 kutoka nchi 33. Katika kuchagua mwenza, wanaume walitazama zaidi ujana na sura. Wanawake, uwezo wa kutafuta riziki. Je, macho hayo ya uchaguzi yanagusa hata kile tunachokumbuka?

David Smith wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, na wenzake walilijaribu jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Mwanamke anaonyeshwa picha ya kitu huku sauti ikikitaja jina. Sauti ni ya mwanamume, ila kompyuta imeishusha ikawa nzito au imeipandisha ikawa nyembamba. Baadaye anapimwa: kitu kile anakikumbuka? Vilivyotajwa kwa sauti nzito vilikumbukwa vizuri zaidi. Sauti nyembamba ilipunguza kumbukumbu, hata ikilinganishwa na sauti isiyoguswa. Sauti za wanawake zilipochezewa hivyo hivyo, hapakuwa na tofauti. Na jaribio lilipima kumbukumbu ya picha, si ya mwanamume.

Kwa nini? Sauti nzito huwavutia wanawake wengi, na watafiti huihesabu kuwa dalili ya damu njema. Lakini huhusishwa pia na mwanamume asiyetulia, ambaye si wa kufunga naye ndoa. Mwenye kuchagua ana sababu ya kuweka akilini kila analolisikia kwa mwanamume huyo. Mimi naona hoja hii ya tahadhari ina nguvu kuliko ile ya mvuto.

Hata hivyo, maelezo kama haya, yanayoirejesha tabia ya leo kwenye mageuzi ya binadamu, yana tabia ya kukubalika upesi mno. Mwaka 1992 Irwin Silverman na Marion Eals, wa Kanada, walionyesha kuwa wanawake huwapita wanaume katika kukumbuka kitu kilikuwa wapi. Wakasema ni urithi wa bibi zetu wachuma matunda. Sawa. Miaka 20 baadaye Elizabeth Cashdan na wenzake wakaenda kwa Wahadzabe, Tanzania, ambako wanawake bado wanachimba mizizi na kuchuma matunda. Wakatandaza kadi zenye picha za mimea na wanyama wa huko. Walioshinda kukumbuka kadi ipi iko wapi ni wanaume.

Wiki ijayo: wivu. Mume na mke wakisikia kisa kile kile cha usaliti, nani anakumbuka nini?