Nani Kamaliza Chaji?

Ugomvi wa ndani siku hizi hauanzi na meseji za usiku tu. Hapa kwetu Tabora sola nayo imeleta kesi. Taa zikizimika, baba anasema ni pasi ya mama, mama anasema ni mpira wa baba kwenye tivii. Shoga yangu mmoja wa Isevya walinuniana wiki nzima!

Jamani, shahidi yumo ndani ya betri. Betri nyingi za lithiamu zina kidhibiti, mafundi wanakiita BMS, kinachopima kila seli na kukata umeme chaji ikiisha. Kasheshe ni kwamba vingi huongea kwa Bluetooth na simu moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye simu ndiye hakimu.

Dawa ni kukiunganisha na programu ya nyumba kama Home Assistant, ya bure, iliyoanza 2013. Inakaa kwenye kompyuta ndogo, na kwa wifi ya ndani wote mnaona chaji, hata bila bando. Mkiweka soketi za kuamrishwa, mnapanga pamoja: ikibaki asilimia 30, ya pasi inajizima, taa zinabaki.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea toka hapa hadi Bagamoyo walijua uzito wa mizigo yao. Ndoa nayo ni msafara, mzigo uonekane na wote. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize fundi: kidhibiti hiki kinasomeka na programu, au na simu ya mume wangu tu?