Kabla ya Kumshauri Aliyeumizwa, Tujue Tunachotafuta



Leo tutazungumza juu ya ushauri kwa watu walioumizwa na vita, na hasa juu ya habari tunazohitaji kabla ya kuanza. Tumekwisha kuona watu wakipita nyumba kwa nyumba na daftari mkononi: umetoka wapi, nani alikufa, wewe ni kabila gani? Wanaandika, wanakwenda zao, na aliyeulizwa anabaki na kidonda kilichofunguliwa upya. Kosa liko wapi? Ni kuuliza kabla ya kujua jibu litafanya kazi gani.

Kwanza, tuseme wazi tunachotafuta. Tukitaka kujua kwa nini vijana hawalali usiku, tuulize juu ya usingizi, kazi, na watu wanaoishi nao. Kabila la kijana halitatuonyesha dawa ya usingizi wake. Habari isiyo na kazi isiandikwe.

Pili, tujue nani anayo habari hiyo. Baba akisema kwa niaba ya nyumba nzima, atataja chakula na karo ya shule. Binti yake huenda ana jambo ambalo hawezi kulitamka mbele yake. Kwa hiyo tusikilize kila mtu peke yake: mama, kijana, mwalimu, muuguzi, na jamaa waliowapokea wakimbizi wa ndani. Na mtu akikataa kujibu, hiyo ni haki yake.

Tatu, tulinde siri. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Hapa Bunia jambo hili si la vitabuni tu. Mwezi wa Mei 2003 watu waliuawa katika mji huu kwa sababu ya kabila lao. Orodha yenye jina, kabila na makao, ikianguka katika mikono mibaya, inageuka silaha. Basi tuandike namba mahali pa jina, na ufunguo wa namba hizo uwekwe mbali na daftari.

Tuchukue mfano wa Bogoro, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa amri ya fidia katika kesi ya Germain Katanga. Majaji walichambua maombi 341, mmoja mmoja, wakawakubali waathiriwa 297. Kila mmoja alipewa dola 250 za ishara. Juu yake kukawa na msaada wa pamoja: nyumba, miradi ya kuleta kipato, masomo, na huduma kwa walioumia moyoni. Tunajifunza nini? Kwamba hasara ya vita ina sura nyingi, na msaada wa namna moja hauwezi kuziba zote. Asiyeuliza vizuri atampa godoro mtu anayelilia mwanawe.

Mwisho, turudi kwa watu tuliowauliza, tuwaeleze tuliyoyapata. Watu wa Ituri wamesema mengi kwa miaka mingi. Wana haki ya kujua maneno yao yalifika wapi.

Ndugu zangu, anayekuja kesho na daftari mlangoni pako, muulize kwanza: habari hii ni ya kazi gani, na nani ataiona? Asiyeweza kukujibu, usimfungulie moyo wako.