Mawe ya Nyongo kwa Watoto Wachanga (2): Hutoka Wapi?

Juma lililopita tulieleza kazi ya nyongo: hutengenezwa na ini, huhifadhiwa katika mfuko wake, kisha humiminwa utumboni mtoto anaponyonya ili mafuta ya maziwa yasagike. Leo tunajibu swali la wazazi wengi: mtoto wa miezi mitatu, asiyejua ladha ya nyama, amepataje mawe?

Jibu linaanzia kwenye rangi ya mawe yenyewe. Mengi ya mawe ya watu wazima ni ya manjano, nayo hutokana na lehemu. Ya watoto wachanga kwa kawaida ni meusi na madogo sana, na asili yake ni bilirubini, yaani mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika. Mama asijilaumu kwa chakula alichokula wala kwa maziwa yake.

Chembe hizo zikivunjika kwa wingi, bilirubini huzidi kiasi. Hutokea hivyo damu ya mama isipopatana na ya mtoto, kwa mfano mama akiwa Rh hasi na mtoto Rh chanya, au mtoto akirithi kasoro ya chembe za damu. Selimundu nayo huleta mawe, ila kwa kawaida baadaye utotoni, kwani himoglobini aliyozaliwa nayo humkinga katika miezi ya mwanzo.

Sababu ya pili ni nyongo kutuama. Chakula kinapoingia utumboni, hutolewa homoni inayouamuru mfuko wa nyongo ujikamue. Mtoto njiti, au aliyepasuliwa utumbo, akilishwa kwa mshipa kwa wiki kadhaa, amri hiyo haitoki. Nyongo huwa nzito, hufanya tope, na tope huweza kuganda kuwa mawe. Hii ni sababu mojawapo ya wauguzi kumpa njiti matone ya maziwa ya mama hata kama hayamshibishi: huuamsha utumbo.

Ya tatu ni dawa. Seftriaksoni, antibiotiki inayotumika sana hospitalini, hutoka kwa sehemu kupitia nyongo na huweza kushikana na kalsiamu. Vipande vinavyoonekana kwenye altrasaundi mara nyingi hutoweka baada ya dawa kusimamishwa. Furosemidi nayo imehusishwa na mawe, hasa kwa njiti. Zaidi ya hizo, yapo maambukizi makali, upungufu wa maji mwilini na kasoro za mirija ya nyongo za kuzaliwa nazo.

Habari njema ni kwamba mawe mengi ya umri huu hayaleti dalili, na baadhi huondoka yenyewe. Daktari hufuatilia kwa altrasaundi, na hufikiria upasuaji pale mrija unapoziba au mtoto anapougua.

Mzazi naye ana kazi yake: kutazama nepi. Kinyesi cha manjano, kijani au kahawia hakina shaka. Kikiwa cheupe au kijivu, na mkojo ukakoza rangi, nyongo haifiki utumboni. Huenda ni jiwe, au mirija iliyoziba tangu utotoni kabisa, ambayo upasuaji wake huleta matokeo bora ukifanywa kabla ya miezi miwili. Macho kuwa ya manjano nako huweza kuwa dalili ya kuziba huko. Kwa hiyo manjano hayo yakipita wiki mbili, acheni kumwotesha mtoto jua mkisubiri yaishe. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akapimwe bilirubini.